Mafuta hayaondoi sukari, yanaichelewesha

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika kwenye ukurasa wako wa barua kwamba wenye kisukari wanatishwa bure na chipsi. Hoja yake ilikuwa fupi. Alikula sahani nzima ya chipsi mayai usiku, akasubiri saa mbili, akajichoma kidole, mashine ikasoma milimoli 8.1 kwa lita. Akila ugali na dagaa, kwa muda huohuo hufika 12. Basi akaamua kuwa mafuta "yanakata sukari", na kwamba wauguzi wanaotukataza vya kukaanga wanafikiria moyo tu, sukari hawaijui.

Barua ile imesambaa kwenye simu. Hapa Kirumba vijana wa bodaboda walinisomea kwa sauti huku wanacheka, na mmoja wao, ambaye baba yake ana kisukari, akaagiza sahani mbili za kupeleka nyumbani. Nikamuuzia. Sina sababu ya kumfukuza mteja. Lakini wakati nafunga mfuko nilimweleza jambo ambalo naona afadhali nilieleze hapa, kwa kuwa yeye ni mmoja na waliosoma ile barua ni wengi.

Kwanza nijitambulishe, mtu asije akadhani nina chuki na karai. Nakaanga samaki na chipsi karibu na soko la samaki la Mwaloni, kazi niliyowasomeshea watoto. Mume wangu, fundi mstaafu wa injini za mitumbwi, ana kisukari na anachoma insulini ya mchanganyiko asubuhi na jioni. Mimi ndiye ninayemshikia daftari la vipimo, maana yeye miwani haikai usoni. Kwa hiyo chipsi nazijua zikiwa jikoni na nazijua zikiwa kwenye daftari.

Namba ya mwenzetu naiamini. Sisemi mashine yake mbovu wala sisemi ametunga. Ninachosema ni kwamba alipima mapema mno kwa chakula kile, akaenda kulala wakati sukari yenyewe ndiyo kwanza inaanza safari.

Tumbo haliachii chakula chote kwa mkupuo. Chini yake kuna mlango unaofunguka kidogo kidogo kuelekea utumbo mdogo, na huko utumboni ndiko wanga unakovunjwa ukawa glukosi na kuingia kwenye damu. Mafuta yakifika mwanzoni mwa utumbo, utumbo hutoa homoni zinazoliambia tumbo lipunguze mwendo. Ugali mtupu au chai ya sukari hupita haraka, ndiyo maana sukari hupanda ndani ya saa moja au mbili na ukaiona. Chipsi zilizolowa mafuta hubaki tumboni muda mrefu. Abiria anayesubiri kivuko cha Kamanga ananielewa: foleni ikiwa ndefu haina maana magari yameyeyuka. Yote yatavuka, ila wewe uliyesimama ng'ambo ya pili ukaangalia nusu saa ukaondoka, utasema leo hakuna magari.

Na wanga kwenye chipsi upo, tena mwingi. Kiazi hakibadiliki kuwa kitu kingine kwa kuwa kimepita kwenye karai. Sahani yangu moja ya chipsi ina karibu gramu 100 za wanga, na zote, mapema au baadaye, zitafika kwenye damu zikiwa glukosi.

Daftari letu linaonyesha hivyo kila mara. Mzee akila ugali wa dona na sato wa kuchemsha saa mbili usiku, saa nne namkuta juu, 11 au 12, halafu saa saba namkuta ameshuka kwenye 8. Akila chipsi mayai muda uleule, saa nne anasoma 8 na kidogo, anatabasamu, ananiambia "unaona sasa?" Nikimwamsha saa saba usiku, anasoma 14. Asubuhi kabla ya chai bado yuko 11, kinywa kikavu, ameamka kukojoa mpaka usingizi umemwishia. Mtu aliyepima saa nne tu angeapa kuwa chipsi ndizo chakula cha mgonjwa.

Huko kuchelewa ni nusu ya habari. Nusu ya pili binti yangu anayesoma uuguzi ndiye aliyenifungulia. Mafuta mengi yakiingia kwenye damu baada ya mlo, misuli na ini huanza kuisikia insulini kwa shida. Insulini ileile, kipimo kilekile, kazi inayofanya inapungua, na ini nalo linaendelea kutoa sukari yake wakati lilitakiwa litulie. Mwaka 2013 watafiti wa Boston, Marekani, wakiongozwa na daktari Howard Wolpert, walichapisha jaribio dogo la watu saba wenye kisukari cha aina ya kwanza. Waliwapa chakula cha jioni cha aina mbili: wanga sawa, protini sawa, tofauti ni mafuta tu, gramu 10 kwenye mlo mmoja na gramu 60 kwenye mwingine. Siku ya mafuta mengi walihitaji insulini zaidi, kwa wastani asilimia 42, na hata hivyo sukari zao zilibaki juu kuliko siku ile nyingine. Wanga ulikuwa uleule, ndugu yangu. Kilichoongezeka ni mafuta peke yake, ambayo wewe unasema yanakata sukari. Nao hawakulingana, wengine mafuta yaliwasumbua sana, wengine kidogo, na ndiyo sababu mtu asichukue daftari la mume wangu akalifanya la kwake.

Niliposikia gramu 60 nikadhani ni chakula cha Wazungu, mlima wa jibini. Nikachukua mizani yangu ya samaki. Sahani ya chipsi ninayouza ina uzito wa gramu 300 hivi. Chipsi za kukaanga kwenye mafuta mengi hubeba kama gramu 12 hadi 15 za mafuta kwa kila gramu 100, kwa hiyo hapo tayari una kama 40. Mayai mawili, kila moja gramu 5. Halafu yale mafuta ya kumimina kwenye kikaango kidogo ili mayai yasishike, kijiko kikubwa kimoja, gramu 14 nyingine, na wauzaji wengi hawatumii kijiko, wanainamisha kidumu. Jumlisha mwenyewe. Boston walikuwa wanapika chipsi mayai bila kujua.

Tena hapo nimehesabu chipsi zilizokaangwa vizuri. Anayejua karai anajua mafuta yakiwa hayajachemka sawasawa, kiazi kinakaa humo muda mrefu kinayanywa. Utaona chipsi zimelegea, zimepauka, ukizibana kwa kidole zinatoa jasho. Na zile za kupashwa jioni, zilizokaangwa mchana zikawekwa kwenye kabati la kioo, mteja akija zinarudishwa kwenye mafuta "zipate moto", hizo zimekunywa mara mbili. Sitaji mtaa wa mtu. Ukifika pale, tazama kama karatasi ya chini imekuwa kioo.

Sasa kuna watakaosoma mpaka hapa waseme Mama Kulwa anatufungia samaki. Hapana. Samaki hana wanga. Sato wa kuchoma, sangara wa mchuzi, dagaa waliochemshwa wakatiwa nyanya na kitunguu, hivyo peke yake havikurushi sukari. Sangara mkubwa ana mafuta yake mwenyewe, hasa nyama ya tumboni, mnaokula mapanki, yale mabaki ya sangara baada ya kuondolewa minofu, mnajua yanavyojikaanga bila kuongezwa kitu. Sehemu kubwa ya mafuta hayo ni ya aina ambayo mwili unayapokea vizuri kuliko mafuta yanayoganda. Tatizo linaanza pale mafuta mengi yanapokutana na wanga mwingi kwenye sahani moja, usiku, kabla ya kulala.

Na huku kuchelewesha kwa tumbo kuna upande wake mzuri pia, ukikutumia kwa akili. Huko Osaka, Japani, mwaka 2016 walichapisha utafiti waliowalisha watu samaki na wali. Siku moja walianza na wali, siku nyingine walianza na samaki, vibua wa kuchemsha, wakasubiri kidogo ndipo wakala wali. Walioanza na samaki, wakiwemo wenye kisukari cha aina ya pili, sukari ilipanda kidogo na polepole, na tumbo lilikuwa linatoa chakula taratibu zaidi. Hii ni habari njema kwetu watu wa ziwa kuliko kwa mtu mwingine yeyote Tanzania. Samaki tunao. Mchicha na mgagani tunao. Nyumbani kwangu siku hizi mzee analetewa samaki na mboga kwanza, anakula hadi karibu nusu, ndipo ugali unatua mezani, na unatua mdogo. Analalamika kwamba anakula kama mgeni anayesubirishwa. Vipimo vyake vya saa nne usiku havilalamiki.

Lakini mtu asichanganye. Samaki na kipande cha parachichi kabla ya ugali wa saizi ya ngumi ni jambo moja. Gramu 60 za mafuta zilizofichwa ndani ya sahani ya chipsi mayai ni jambo lingine kabisa.

Kuna jambo moja ambalo ndilo hasa lililonifanya nichukue kalamu, na mwenzetu hakuligusa. Mtu anayechoma insulini, au anayemeza zile dawa zinazolisukuma kongosho litoe insulini, akila mlo wa mafuta mengi anaweza kushuka kwanza kabla ya kupanda. Insulini imeshaanza kazi, chakula bado kiko tumboni. Mzee aliwahi kunifanyia hivyo hapohapo kibandani: alichoma kama kawaida, akala chipsi, baada ya saa moja hivi jasho linamtiririka, mikono inatetemeka, anajibu maswali ambayo sijamuuliza. Shangazi mmoja mteja, kwa huruma yake, akamsogezea sahani: "Mpe ale tena, ana njaa." Mwingine akanunua andazi la moto.

Hapo ndipo watu wanapotea. Mtu aliyeshuka chini ya 4 hahitaji chakula cha mafuta, anahitaji sukari yenyewe, ifike haraka. Andazi, sambusa, karanga, chokoleti, hata maziwa mazito, vyote vina mafuta, na mafuta yatafanya kazi yaleyale niliyoeleza: yatazuia mlangoni wakati ubongo unasubiri. Mpe vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari, vikorogwe kwenye maji, au nusu ya chupa ndogo ya soda ya kawaida, si ile iliyoandikwa haina sukari. Subiri dakika 15, pima tena. Bado yuko chini? Rudia. Akishakaa sawa ndipo ale kitu cha kumshikilia. Na aliyepoteza fahamu usimmiminie chochote mdomoni, atapaliwa. Mkimbize hospitali. Mzee alikunywa maji ya sukari akiwa ananitukana, na baada ya robo saa akawa ananiuliza kwa nini watu wamejaa. Usiku wa manane namba yake ilikuwa mbinguni, maana chipsi zilikuwa zimefika.

Nawaomba sana vijana wa bodaboda na makondakta wa daladala, nyie ndio mnaokutana na watu wameanguka barabarani kuanzia Igoma mpaka Buhongwa, hili mlishike.

Kuhusu aina ya mafuta sitasema mengi. Ninyi mnaonunua kidumu mnajua bei ndiyo inayoamua. Ila kwenye kuchelewesha sukari usiku wa leo, mafuta ya alizeti ya Singida, ya pamba ya kwetu Usukumani na yale ya mawese yanayoganda asubuhi, sioni la kulisifia mbele ya mwenzake. Tofauti inakuja kwa muda mrefu. Huko Uppsala, Sweden, waliwalisha vijana 39 keki ndogo za ziada kwa wiki saba, nusu yao zilizopikwa kwa mafuta ya mawese, nusu kwa ya alizeti. Wote waliongezeka uzito karibu sawa, lakini waliokula za mawese ndio waliojaza mafuta zaidi kwenye ini. Na ini lenye mafuta haliisikilizi insulini. Mimi nimehamia alizeti, na ndiyo, chipsi zangu zimepanda bei, wateja wameshanisema vya kutosha.

Sasa nina ombi kwa wanaotoa ushauri kliniki, bila kutaja kliniki yoyote. Karatasi aliyopewa mzee ina mistari mizuri: punguza chumvi, punguza mafuta, fanya mazoezi, pima saa mbili baada ya kula, iwe chini ya 10. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba saa mbili zinafaa kwa ugali na wali wa kawaida, lakini chakula cha mafuta mengi kinataka kuangaliwa tena baada ya saa nne au tano. Mgonjwa anayesoma karatasi ile kwa uaminifu anaweza kupata 8 kila Jumamosi usiku kwa miezi, halafu akifika kliniki kile kipimo cha wastani wa sukari wa miezi mitatu kinaonyesha mambo mabaya, anaambiwa anadanganya kwenye daftari. Hadanganyi. Anapima saa ambayo chipsi hazijafika. Mstari mmoja tu ukiongezwa kwenye karatasi ile, ugomvi mwingi wa kliniki utaisha.

Najua jibu litakalokuja: stripu za kupimia sukari ni ghali, nani atapima mara mbili kwa mlo mmoja? Ni kweli. Kwetu nazo tunazibana kama bondo la sangara. Ndiyo maana nasema kama una stripu moja tu ya usiku ule, na umekula vya kukaanga, usiitumie saa mbili baada ya kula. Itunze. Weka kengele ya simu. Na utakachokiona usiku wa manane usikitibu kwa kujiongezea uniti za insulini mwenyewe kitandani, kwani ukikosea hesabu utashuka wakati nyumba nzima imelala. Andika, nenda nacho kwa daktari, kipimo na saa yake na ulichokula.

Kwa yule msomaji mwenzangu, sina ugomvi na wewe, na barua yako imenipa wateja. Ila naomba ukila tena chipsi mayai ile saa mbili usiku, usipime saa nne. Pima saa saba, kisha uandike kwenye ukurasa huuhuu ulichokiona, nasi tuisome. Ukipita Kirumba, ulizia kwa Mama Kulwa. Kuna sato wa kuchoma na kachumbari, na chipsi nusu sahani naweza kukukatia, ingawa vijana wangu hawapendi kuuza nusu.

Wabeja sana, Mhariri.

Mama Kulwa,
Kirumba, Mwanza.